Msitu Wetu na Jiwe la Nne

Jumatatu, 3 Juni
Wanangu wawili wamekuja kuzungumzia msitu. Niliwaita mwenyewe — magoti yameshanipa notisi, na msitu siwezi kuzikwa nao. Kifungua mimba, ninayemwita Mwenyekiti kwa kupenda vikao, anataka nusu kwa nusu, kila mtu na hati yake. Dada yake, muuguzi, anataka ubaki mzima, autunze yeye. Autunze! Hata ua la kwenye kopo lilimfia. Nimemwambia hivyohivyo. Wamecheka, lakini kicheko cha meno tu.

Alhamisi, 6 Juni
Wameingia msituni na mpima ardhi tangu asubuhi; muuguzi naye kakubali kugawana, shingo upande. Saa nane wamerudi, hawasemezani. Kumbe wamegombea miti minene — Mwenyekiti anasema iko nusu yake, muuguzi anasema thubutu! Nikauliza, mlivuka kijito? Ndiyo, mama.
Msitu wetu unaishia kijitoni! Wamegawana wa jirani!
Nimecheka hadi mbavu zikauma. Mpimaji na mashine yake akawa anakunywa chai huku anaangalia dari. Mimi sijakaa darasani hata siku moja, lakini mpaka naujua.
Kisha kicheko kikaisha. Baba yao aliujua, yeye aliyenifundisha hata herufi hizi. Amekwenda. Nimebaki mimi tu.

Ijumaa, 7 Juni
Hakuna hati mpaka wazunguke mawe yote manne ya mpaka pamoja nami. Mwenyekiti kauliza, na magoti je, mama? Nikamwambia ndiyo maana nilizaa wawili. Kiti kina pande mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Nimo msituni, juu ya kiti cha jikoni! Wanahema, wanalaumiana. Inua upande wako! Wewe ndiye mfupi! Nami huku juu napepesuka kama gunia la viazi. Jiwe la kwanza nimewaonyesha. La pili pia. La tatu kalifukua muuguzi mwenyewe, akashangilia kama mtoto. Kaka yake akalipaka rangi. Tangu asubuhi hakuna aliyetaja nusu.

Sasa la nne. Nimewaambia wanishushe. Hapa palikuwa uwanda, na mti mmoja uliopigwa radi. Leo miti imejaa, yote minyoofu, yote sawasawa. Natazama kushoto. Natazama kulia. Mti ule siuoni, wala jiwe.
Wanauliza, wapi sasa, mama?
Ngojeni, naandika.
Muuguzi anasema mama anatutega huyu. Kaka yake anacheka. Wamepiga magoti wote wawili, wanapekua majani kwa mikono, na mimi bado —