Vipande Vinane, Mikato Saba

Huruma, Nairobi
13 Julai 1981

Ndugu yangu Okoth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Huruma. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na Mama Opiyo, na ule mgongo uliokutoa karakana yetu ya useremala kule Baba Dogo ukakurudisha Siaya sasa umetulia. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inachemka.

Unakumbuka nilivyoiacha randa nikaenda kufundisha bila cheti cha ualimu, baada ya miaka tisa ya kusukuma msumeno. Januari nikapewa hesabu ya Darasa la Saba, watoto hamsini na sita. Nikiuliza, "Mmeelewa?" wote wanaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Nikawapa jaribio: waliopita kumi na mmoja. Yaani arobaini na watano walikuwa wakiimba tu.

Nikalipiga marufuku hilo neno "ndiyo". Nikageuza madawati, wanne wanne, makundi kumi na manne, nikawaambia watafute majibu wenyewe. Walinitazama kama niliyewanyang'anya chakula. Wiki mbili hawakuandika kitu. Wakanisihi niandike jibu wanakili, kwani mwalimu si mimi? Nikaona kosa langu. Ubao mkavu ukiupiga msumari mkubwa ghafla unapasuka. Lazima utoboe tundu dogo kwanza. Basi nikaanza na wawili wawili, wanong'one tu. Halafu wanne. Kisha kila kundi nikalipa mpingaji, ambaye kazi yake ni kusema "sikubali" na kutoa sababu. Walianza kwa haya, wakakolea. Walimu wenzangu wakaliita darasa langu soko la Gikomba. Mama mmoja aitwaye Wangu akaja kuniambia hakumleta mwanawe shuleni kupiga domo. Nikamfungulia daftari la mtoto. Akaondoka akisonya, lakini hakurudi. Kufikia Mei waliopita ni thelathini na wanane.

Alhamisi iliyopita akaja mkaguzi, kaletwa na Mwalimu Mkuu, Bwana Kabiru. Nikaandika swali: ubao wa mita nne unakatwa vipande vya nusu mita, msumeno utapita mara ngapi? Watoto waliposita mbele ya wageni, nikaandika jibu mwenyewe: nane. Akasimama Nthoki, mpingaji wa kundi la dirishani, akasema hakubali. Akachana ukanda wa karatasi, akaukata hapo hapo: vipande vinane, mikato saba. Kipande cha mwisho hakikatwi, kinabaki chenyewe.

Nikacheka, nikasema ulikuwa mtego. Mkaguzi akatabasamu. Lakini alipoondoka tu, Kabiru akanifokea kwamba mtoto hamkosoi mwalimu mbele ya wageni; madawati yarudi mistarini, na msichana aombe radhi kwenye gwaride la Jumatatu. Nikabisha. Akanijibu kwamba mwalimu hakosei, na si nimesema mwenyewe ulikuwa mtego? Jioni Nthoki akaniuliza kama kweli ulikuwa mtego, akinitazama kwa jicho moja, kama fundi anayekagua ubao uliopinda. Nikamwambia aende nyumbani.

Okoth, haukuwa mtego. Nilikosea. Mimi, niliyekata mbao miaka tisa! Nilimwogopa yule mkaguzi asije akaniuliza cheti, mkono ukagawanya kabla kichwa hakijafika.

Leo asubuhi Nthoki aliitwa jukwaani, na kabla hajafungua mdomo, nilipanda nikasimama naye. Nikawaambia wanafunzi mia sita na arobaini kwamba nilikosea, kisha nikadanganya, na wa kuomba radhi ni mimi. Kabiru akanisogeza kando, akatangaza kwamba kuanzia leo Darasa la Saba watakaa kwa mistari na kunyamaza. Akauliza, "Mmeelewa?" Shule ikanguruma, "Ndiyooo!" Darasa la Saba kimya. Halafu mikono ikaanza kuinuka. Niliihesabu: hamsini na mitano. Wa hamsini na sita ulikuwa pale kando yangu, wa Nthoki, ambaye alisema, "Mwalimu, tuna swali."

Saa nne nikapewa barua ya kunisimamisha kazi. Kabiru sikumwomba msamaha, wala simwombi. Kesho naenda ofisi ya elimu na madaftari hamsini na sita kwapani. Wakinitaka cheti, wahesabu hayo. Lakini ile randa niliyokuachia usimwazime mtu.

Nisalimie Mama Opiyo na wote wa hapo nyumbani. Na kama kuna mahali hukubaliani nami, andika, utoe sababu.

Wako fundi, na bado mwalimu,
Njogu