Ukuta Mmoja wa Chokaa

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tuko salama. Mjomba wako amemaliza kuvuna mahindi, na shangazi yako wa Bungoma anakusalimia sana.

Unasema mwalimu amerudisha insha yako ya majengo ya pwani ya zama za kati, ati mada ni pana mno, nawe hujui ukate wapi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa pwani kuona magofu ya mji wa kale. Wenzangu walikimbilia msikiti, jumba la mfalme, makaburi. Mimi nilikwama kwenye ukuta mmoja. Kwetu Bungoma nilikuwa nimekandika nyumba na mama tangu utotoni, kwa hivyo niliitambua ile mistari kwenye chokaa. Mtu alikuwa amesawazisha kwa kiganja, na penye kona akageuza mkono, vile vile kama mama.

Mwalimu wetu wa chuo aliita, "Wewe, basi linaondoka."

Nikamjibu, "Si uje kwanza umwone huyu mtu."

Akaja, akaweka kiganja chake pale, akaifuata ile mistari hadi kwenye kona. Basi likatungoja.

Majengo mengine ya siku ile nimeyasahau. Ukuta ule ningekuchorea hata leo.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuombea.