Jibu Fupi la Asubuhi

Mama yangu,

Leo ni siku ya nne sijalala sawasawa, na kabla hujaanza kunipandishia sauti huko uliko, tulia kwanza, daktari anajua. Tunapunguza dawa. Sijaacha, tunapunguza. Wewe ndiye uliyenifundisha tofauti ya maneno hayo mawili, ile mara niliyoziacha zote kwa siku moja kwa sababu mhubiri mmoja alisema nimepona, ukaja kunipata sokoni Ndhiwa bila viatu, nikiwagawia wapita njia sare za shule za wateja wangu. Aki ile aibu! Safari hii ni pole pole. Ni miezi saba sasa, daktari anapunguza kidogo, tunangoja, anapunguza tena. Tumefika nusu ya dozi ya zamani, na hapa ndipo usingizi umenikataa.

Ouma hataki kusikia. Unajua mume wangu alivyo. Nikigeuka kitandani, "Ni nini?" Nikienda choo, ananifuata na tochi. Jana tukila chakula cha mchana aliweka tonge chini akasema, "Mama Akinyi, rudia ile dozi ya zamani, tulale sisi sote." Nikamwambia yeye amekosa usingizi lini, mtu ambaye hata mvua ya mawe haimwamshi. Hakucheka. Anaogopa, Mama. Mimi pia naogopa, ila sikumwambia. Mara zote mbili nilizougua ilianza hivi hivi, kwa kukosa usingizi. Na daktari naye alitueleza mapema kwamba dawa ikipungua usingizi unaweza kuvurugika hata kama ugonjwa haujarudi. Sasa mimi nitajuaje huu ni upi? Wewe ndiye uliyekuwa ukijua. Umeenda na kipimo chako.

Hicho kipimo chako nacho! Ulinisimulia kilivyoanza mara ngapi? Msichana wa Kikuria umeolewa Ndhiwa, huna Kijaluo hata cha kuombea maji. Asubuhi ya kwanza nyanya akakukuta mlangoni mwa jikoni akakuuliza, "Ichiewo nade?" Umeamkaje. Huku kwetu kila mtu anajua jibu ni "maber", vizuri, hata kama umeamka na mguu umevunjika. Baba alikuwa amekufundisha maana ya swali, akasahau kukufundisha jibu. Ukasimama mbele ya mawifi wote ukasema kwa Kiswahili, "Vibaya, mama. Mwanao anakoroma na kitanda kina kunguni." Nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo nyumbani kwetu swali hilo likawa swali kweli. Ilikuwa marufuku kusema maber kama si maber. Na mimi sikuwahi kuamka vizuri hata siku moja tangu nizaliwe. Ukiniuliza, nakujibu "Vibaya, niache," naenda zangu kunawa uso.

Halafu ile asubuhi. Nilikuwa nimerudi kutoka Migori, kwenye masomo ya ushonaji, siku kadhaa sijafumba macho na sioni shida yoyote. Ukaniuliza kama kawaida. Nikakujibu mpaka chai ikapoa. Nilikueleza kwamba ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi wananiita kwa jina langu, na wananiitia nini, mmoja mmoja. Hukunibishia. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukajifunga leso, ukanishika mkono tukaenda hospitali, na mashangazi nyuma wanapiga kelele kwamba maombi kwanza. Ukamwambia daktari, "Huyu akiwa mzima ananijibu maneno matatu, tena kwa ukali. Leo amenijibu vizuri na kwa urefu. Mpokeeni." Nilikasirika sana nikakuita msaliti. Nisamehe kwa hilo.

Dawa ilinirudisha, sitaidharau. Lakini mikono ikaanza kutetemeka, na fundi wa kushona asiyeweza kutia uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Ukawa unapita kibandani kwangu kila asubuhi, unanitilia uzi kwenye sindano kumi na mbili, unazichoma kwenye pazia, nizitumie kutwa nzima. Wateja walidhani ni urembo. Ulipotuacha zilibaki nne zina uzi. Tatu nilizitumia nikilia. Ya nne bado iko kwenye pazia na mtu asiiguse.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita nilitia uzi mwenyewe! Nilipiga kelele mpaka mama anayeuza omena jirani yangu akaja mbio akidhani nimejidunga. Ndiyo maana sitaki kurudi nyuma, Mama. Naitaka mikono yangu. Na akili yangu naitaka pia. Sitaki kuambiwa nichague.

Kwa hivyo nafanya yote niliyoagizwa. Chai mwisho saa sita mchana, mimi niliyelelewa kwa chai. Simu inalala jikoni. Mchana sijilazi hata macho yakiwaka moto, na saa kumi na mbili asubuhi naamka, niwe nimelala au sijalala. Usingizi ukikataa sipigani nao, nakaa kwenye kiti nakunja vitambaa, nakunjua, nakunja tena. Miguu ndiyo haitulii, inataka kwenda mahali na haisemi wapi. Wueh, nimechoka.

Leo asubuhi Ouma alikaa kwenye ukingo wa kitanda, uso umemshuka, akaniuliza, "Ichiewo nade?" Hakuwa ananisalimu. Niliwahi kumsimulia kipimo chako zamani, sikujua alikuwa anasikiliza.

"Vibaya," nikamwambia. "Na umekalia leso yangu."

Akangoja. Nikaona anangoja. "Ni hayo tu?"

"Kwani ulitaka hotuba?"

Alicheka, Mama, halafu akafuta macho. Akapiga simu kliniki mwenyewe akaeleza kila kitu, usingizi na miguu na hata matusi yangu. Tumeambiwa twende Homa Bay kesho badala ya kungoja wiki ijayo, na kwa sasa tusipunguze tena, wala nisijiongezee mwenyewe. Daktari akiona turudi hatua moja, tutarudi moja. Nimemwahidi Ouma sitagombana.

Nikakaa kukuandikia kwa furaha. Sasa nimeangalia, hii ni karatasi ya tatu, na moyo umenipiga pa! Si haya ndiyo majibu marefu? Nimeyasoma yote tena kutoka juu, nikitafuta ng'ombe anayeniita kwa jina. Nimemwona nyanya, nimemwona Ouma na tochi yake, nimekuona wewe na sindano zako. Ng'ombe hakuna zaidi ya wale wa zamani. Hata hivyo kesho nitampa daktari naye asome, nisijiamini peke yangu.

Na wewe nikujibu inavyotakiwa, usije ukajifunga leso bure. Lala, angalau mmoja wetu alale. Mimi nimeamka vibaya.

Binti yako,
yule mkali