Jina Asilolitaja Shemeji Yako

Akron, Ohio
Machi 18

Mdogo wangu Homnath,

Salamu nyingi zikufikie huko Adelaide, wewe, mkeo na wanao. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Theluji imeyeyuka na kutuachia matope, na goti langu la kushoto bado linalalamika kila likiona ngazi. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, kwa sababu umeuliza kile kile ambacho watu wetu wote wa mtaa huu wameshaniuliza: imekuwaje mimi, kichwa kizito wa familia, nikapata uraia wa Marekani kwa mtihani mmoja, na mke wangu, shemeji yako mwenye akili, akaanguka?

Kaa nikueleze, maana mwenzio nimechoka.

Tunasoma Kiingereza chini ya kanisa, katika chumba kinachonuka kahawa ya juzi. Mwalimu wetu ni Bi Lorraine, mstaafu wa posta, mkavu wa uso lakini mwema, na hatutozi kitu. Kila somo anaandika ubaoni maneno mawili yanayofanana kama mapacha, siku moja yalikuwa desert, yaani jangwa, na dessert, kitamu cha baada ya chakula. Halafu kila mmoja wetu anatunga kisa cha mtu aliyemfaa maishani, na maneno yote mawili yawemo. Anasema neno ukilifunga kwa mtu unayemkumbuka, halipotei. Mimi siku hiyo nilivuka kitamu juu ya ngamia, kisha nikala jangwa lenye sukari nyingi.

Shemeji yako hakosei. Alisimulia habari za Bwana Earl, jirani wa mlango wa pili, ambaye majira yetu ya kwanza ya baridi alituwekea mlangoni viatu vya theluji vya marehemu mkewe, akarudi ndani bila kugonga. Tangu hapo kila Jumamosi anapelekewa bakuli la dengu, na hawajawahi kuongea zaidi ya hali ya hewa. Maneno yote mawili yalikaa mahali pake. Bi Lorraine alivua miwani akaifuta.

Tatizo huanza kisa kinaponifikia mimi. Unajua wake zetu wa zamani. Mume hatajwi jina. Ukimtaja unampunguzia siku za kuishi. Mama yetu alikufa hajatamka la baba hata kwa bahati mbaya. Basi darasani mimi mara ni baba wa Khem, mara ni yule wetu, mara ni mwenye nyumba. Bi Lorraine akahesabu wanaume watatu. Akamuuliza shemeji yako waziwazi mumewe anaitwa nani, naye akainamia viatu vyake. Mwisho wa somo mwalimu alimvuta kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani yuko salama, akamtilia mkononi karatasi yenye namba ya simu ya wanawake wanaopigwa.

Shemeji yako akaniletea mimi nimsomee vizuri.

Nilikwenda kujieleza. Bi Lorraine alinisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, na bado kwa wiki tatu alinimiminia kahawa kama anayemwagilia mti anaotaka ukauke.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama si mtihani. Mwezi wa kumi alikaa mbele ya ofisa wa uraia, akajibu anakoishi, kazi anayofanya, na ni nani anayetunga sheria za nchi. Kisha akaulizwa jina la mume. Kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Ofisa, kijana mpole kwa maelezo ya shemeji yako, akaandika kwamba mama huyu haelewi Kiingereza. Alipotoka nilimwambia swali hilo hata paka wa Bwana Earl angelijibu.

"Paka hana mume wa kumuua," akaniambia.

Imebaki nafasi moja tu, wakamweleza. Akianguka tena aanze upya, afunge safari yote ya makaratasi. Na unajua anachokitafuta. Mama yake bado yuko katika kambi ya wakimbizi huko Jhapa, macho yanamwisha, na kila wakiongea kwenye simu bibi huyo hana swali jingine ila ni lini utakuja. Bila pasipoti hakuna lini.

Nikabembeleza, nikagomba, nikanuna. Nilimleta kuhani nyumbani, akathibitisha kwamba ofisi ya serikali haina dhambi hiyo. Shemeji yako alimpa chai, akamwambia kwa adabu zote kwamba mume si wake. Khem naye akapiga simu kutoka Columbus na busara zake: "Baba, si ubadilishe jina?" Nikamkatia.

Sasa, Homnath, lililo baya ni hili, na sijamwambia mtu.

Mwaka tulipofukuzwa Bhutan, mimi nikiwa bado kifungoni, alifika peke yake kwenye kambi ya ukingo wa Mto Mai, Khem mgongoni. Karani wa kambi alikataa kumwandikia chakula bila jina la mume. Akalitaja, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Miezi miwili baadaye nikafika, na homa ya tumbo ikaniangusha wiki ile ile. Unakumbuka tulivyokuwa tukichoma maiti kila asubuhi. Aliponiletea maji ninywe, nikamwambia, "Ulilitaja. Sasa kanichome."

Nilipona, nikasahau. Yeye hakusahau. Na miaka yote hii nimekaa darasani nikicheka na wenzangu ushamba wa mke wangu.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Nilizima gari nje ya ofisi nikamwambia yote: kwamba ni maji ya mto yaliyoniua nusu, kwamba nilisema vile kwa uchungu, nikitafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni yeye. Alifungua mkanda taratibu.

"Zaidi ya miaka ishirini," akasema, "na umengoja mpaka kwenye maegesho ya magari?"

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningefurahi kama angeubamiza.

Alitoka baada ya dakika arobaini akiwa na karatasi ya kufaulu. Nikamuuliza kama alilitaja. Tulipofika kwenye taa nyekundu ya kwanza aliweka kiganja juu ya paji la uso wangu, akakiacha pale mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Tangu siku hiyo ananipima asubuhi na jioni. Nimemwambia sina homa. Anasema hilo ataamua yeye. Nikitaka kukohoa natoka nje.

Ataapishwa mwezi ujao, kisha aombe pasipoti. Mfikishie mkeo salamu zetu, watoto wabusu, na mgongo huo usiupe mizigo. Shemeji yako anakusalimu. Anasema kaka yako leo ameamka vizuri.

Ni mimi kaka yako,
Punyaprasad