Dakika Ishirini na Tisa

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye bila miguu yake mji huu mzima ungekunywa chai kavu. U mzima? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi tunapumua. Mama yako ameanza kula kidogo, ila bado anaweka sahani mbili mezani, na hakuna anayethubutu kuiondoa ya pili.

Umeuliza baba yako alikuwa anakimbilia nini siku ile mlimani, mtu wa miaka hamsini na mbili, mpole, ambaye hata mvua ilikuwa haimkimbizi. Nitakujibu. Niliishia darasa la tano lakini kalamu naijua, nivumilie.

Ilianza pale tajiri wetu wa kiwanda cha mikate alipobandika karatasi mlangoni, majina yetu wasambazaji na dakika zetu, kutoka kiwandani hadi duka la mwisho kule juu. Alisema wazee tunafikisha mikate imepoa. Atakayezidi dakika thelathini na tano mwisho wa mwezi, akabidhi baiskeli aende kwake. Baba yako alikuwa na thelathini na tisa. Mimi arobaini na nne, lakini elewa kwamba nilibeba kreti tano na kitambi juu yake.

Tukaenda kwa fundi baiskeli. Akatupandishia viti, akajaza matairi upepo mpaka yakalia kama ngoma, akatufundisha: kimbiza kutoka nguzo ya umeme hadi nguzo, kisha nguzo mbili zinazofuata nenda taratibu upate pumzi. Fanyeni hivyo siku mbili, ya tatu pelekeni mikate tu bila papara. Alisema mwili wa umri wetu ni betri ya simu kuukuu, ukiinyima muda wa kuchaji itakuzimikia mkononi.

Mpwa wangu, nilipaa! Mbwa wa mtaa wa pili waliacha kunibwekea, maana wakifungua mdomo mimi nimeshapita. Baba yako akasema wananihurumia tu. Yeye alifuata maneno ya fundi kama dawa, akashuka hadi thelathini na sita. Ilibaki dakika moja.

Wiki hiyohiyo mimi nikaandikisha ishirini na tisa. Kiwanda kizima kilipiga makofi. Tajiri akasema kumbe inawezekana, kama huyu mwenye kitambi ameweza, basi kipimo kiwe thelathini. Akaikata ile thelathini na tano kwa kalamu, palepale.

Baba yako aliniuliza siri yangu. Nikamwambia ni mapafu tu, shemeji. Kuanzia hapo hakupumzika tena. Siku ya tatu alikimbiza, ya nne vilevile. Alisema kama shemeji ameweza, yeye atashindwaje. Nilimwona akirudi midomo imempauka, nikanyamaza. Siku tatu kabla ya mwezi kuisha walimkuta ameketi chini ya nguzo ya saba, baiskeli imelala ubavuni mwake, mikate bado ina joto. Daktari alisema ni moyo.

Msibani watu waliniambia afadhali umebaki wewe mwenye mapafu. Nikaitikia.

Fundi anakupa pole. Mama yako anasema usisahau kujifunika kifua. Wasalimie wenzako unaokaa nao, na barua hii usimsomee mama yako kwenye simu; nitamwambia mwenyewe, nikipata pa kuanzia.

Alikuwa anakimbilia dakika zangu, mpwa wangu, na hazikuwa zangu. Siku niliyoandikisha ishirini na tisa nilishika nyuma ya lori la mchanga, kutoka chini ya mlima hadi juu. Lilipokata kona nikaliachia, nikajimwagia maji ya chupa usoni na kifuani, ili nikifika ionekane ni jasho.

Ni mimi,
Mjomba wako