Mkono wa Bi Somoe, Kuku wa Kasiani

Ruangwa, Alhamisi, kipupwe.

Wewe ambaye maandishi haya yatakufikia, nakuomba sana, yasome peke yako na usimsimulie mtu, hata mkeo, hata mama yako. Neno moja likitoka humu likafika barazani, mimi si karani tena, na hilo ni dogo kati ya ninayoyaogopa.

Baridi imekaza tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani jua likiwa bado juu, nimefunga mlango, sijala. Kila akipita mtu nje naacha kuandika mpaka hatua zake ziishe.

Kesi ya Bi Somoe imekwisha.

Bi Somoe ni mjane wa Matambarale, mtu mzima, analima ufuta wake mwenyewe. Kasiani ni nyapara kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, Nachingwea. Ametoka upande wa Songea, na watu wa huko na sisi Wamwera ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Mtani akipita kwako anachota anachokitaka, anakutukana, nawe unamrudishia matusi mnacheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Kasiani alifika kwa Bi Somoe wakati wa kupura ufuta. Siku ya kwanza alichota konzi. Akarudi siku nyingine akachota kibaba. Mara zote mbili Bi Somoe alicheka na kumtukana vizuri, kama inavyotakiwa. Mara ya tatu Kasiani alitaka kapu zima. Bi Somoe akalishika kapu lake. Kasiani akampiga kwa ile fimbo yake ya kusimamia vibarua, mfupa ukavunjika chini ya kiwiko. Majirani walikuwapo.

Leo Bi Somoe amekuja barazani mkono umefungwa kwa vipande vya mianzi na kuning'inizwa kwa kanga. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo anasema Kimwera na mimi namgeuzia maneno kwa Kiswahili, maana Liwali wetu, mwenye kuhukumu, ni mtu wa pwani.

Kasiani hakukana kitu. Alisimama chini ya picha ya Mfalme akitabasamu.

"Bwana Liwali, huyu ni mke wangu. Ananishitaki kwa sababu nachelewa kumwoa."

Wazee wa baraza wakacheka. Tarishi mlangoni naye akacheka.

"Mwulize," Liwali akaniambia, "huyu ni mtani wake au si mtani wake?"

Nikamwuliza. Bi Somoe alinitazama kama anayeulizwa iwapo yeye ni mwanamke. Akajibu kweli tupu, kwa kuwa hajui kujibu namna nyingine.

"Anasema ni mtani wake," nikageuza.

"Basi amekubali mwenyewe. Andika: ni utani."

Nikanyoosha kidole. Sijui nguvu niliipata wapi. "Bwana Liwali, amesema mtani. Hakusema utani."

"Karani, unanifundisha Kiswahili?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikashusha kidole, nikaandika.

Herufi moja tu. Mtani ni mtu, utani ni tendo. Mtoto wa darasa la pili anaijua tofauti hiyo. Kumkubali mtu kuwa ni mtani wako si kukubali akuvunje mfupa. Lakini nani atasimama kuwaeleza hayo watu wanaojifuta machozi ya kicheko?

Dresa wa zahanati alisema mfupa umekatika kabisa na huenda vidole visishike tena mpini wa jembe. Liwali akamshukuru kwa adabu. Kisha akasimulia jinsi mtani wake mwenyewe alivyomsukuma bwawani na nguo zake za Idi, naye akatoka akicheka. Halafu akahukumu. Kasiani ampe mama pole. Bi Somoe, kwa kukasirikia utani na kumfikisha mtani barazani, ampe Kasiani kuku mmoja, kama ilivyo desturi.

Hukumu hiyo niliigeuza kwa Kimwera mimi, kwa mdomo wangu huu.

"Kuku natoa mimi?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza tena. Nikasema tena. Akaiweka sawa kanga iliyobeba mkono, kisha: "Mwanangu, lakini uliwaeleza vizuri?"

Nikafunga daftari.

Nje, wakati wengine wanatawanyika, nilimnong'oneza kwamba anaweza kukata rufaa kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, Nachingwea. Ila Bwana Shauri atasoma niliyoyaandika. Ataona neno utani, atauliza maana yake, ataambiwa ni mchezo wa wenyeji, na atafurahi kwamba wenyeji tuna michezo. Bila shahidi wa kusema alichokiona, rufaa hiyo imekufa kabla ya kufika. Na majirani wamekwisha kumjibu Bi Somoe: mambo ya watani hatuyaingilii. Siwashangai. Kasiani ndiye anayechagua nani apate kibarua na nani arudi kwake.

Nilipogeuka nilimkuta Kasiani nyuma yangu.

"Karani, wewe Mmwera wa wapi?"

"Wa Nambambo."

"Ahaa! Kumbe na wewe mtani wangu, na hukuniambia!"

Akanishika mkono, huu ninaoandikia, chini ya kiwiko. Hakuminya sana. Kama mtu anayepima kuni. Tarishi akacheka. Mimi nami nikacheka.

Nilicheka.

Tulipokuwa shuleni tuliambiwa kwamba sheria inamtazama mwenye nguvu na mnyonge kwa jicho moja. Niliamini, ndiyo maana niliomba kazi hii. Leo nimeona aliyevunjwa akirudi Matambarale kukamata kuku kwa mkono mmoja, na aliyemvunja akinunuliwa chai na wazee. Sioni litakalobadilika kesho, wala mwakani. Mama yangu na dada zangu wanakula kwa kazi hii, kwa hiyo kesho nitakwenda tena, nitakaa kwenye kiti kile kile.

Lakini kama wewe unayesoma ni mmoja wa majirani waliokuwapo siku ile, hivi ndivyo utakavyonipata. Usije barazani, wala hapa nyumbani. Jumapili asubuhi nitakuwa Likunja, kwa fundi wa baiskeli, yangu nikiwa nimeigeuza magurudumu juu kama vile imeharibika. Ukinikuta na watu, nisalimie upite. Ukinikuta peke yangu, usinitanie wala usiniite karani. Chuchumaa, shika gurudumu kama unanisaidia, kisha sema, "Mimi niliona."

Sidhani kama utakuja. Ukija, nitakuuliza jina lako mara moja tu, nilitie kwenye rufaa ya Bi Somoe, na nitakupa muda wa kukataa.