Fremu ya Tano

Ijumaa, 7 Novemba

Mwandiko wangu leo umekuwa wa kuku.

Leo Anko Philipo amegongana na pikipiki. Nimeona kwa macho yangu. Kamera ilikuwa mkononi, inarekodi!

Tulikuwa tumetoka kanisani Mesaimeer (huku Ghuba ibada ni Ijumaa), tunamngoja nje pale parking. Nilikuwa narekodi filamu yangu ya klabu ya shule — dakika tatu tu, kuhusu Ijumaa zetu. Nikataka nimpate Anko akija kutuchukua na Land Cruiser ya bosi wake. Alikuja polepole. Akafika kwenye makutano, akasimama. Nina hakika alisimama. Mara pikipiki ya kupeleka chakula ikachomoka kulia, ikamwingia ubavuni. Paa! Nikafunga macho. Nikazima na kamera.

Kijana wa pikipiki ni Mnepali. Alikuwa ameshika mguu analia. Mama ni nesi, alimkimbilia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Ambulensi ikamchukua. Anko alikaa ukingoni mwa barabara, anarudia tu, "Gari la watu, jamani. Gari la watu."

Baba akamwambia atulie. Kila mtu aliona amesimama.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba kasema nijishughulishe, nisiwaze. Basi nimeshughulika na filamu.

Kamkoda ni yake, aliinunua mtaa wa Al Sadd mwaka niliozaliwa. Picha zake zinafanana na video za harusi, na kitu kikisogea kinaota mistari kama meno ya kitana. Mimi nataka sinema. Sinema ya kweli ni picha ishirini na nne kwa sekunde. Mmarekani mmoja wa kofia anafundisha kwenye video namna ya kuipata kwa programu ya bure. Anasema ukiona meno ya kitana, jua sinema imo humo ndani, ila kamera imeijazia picha za uongo. Katika kila fremu tano, yaani picha tano, moja ni bandia. Programu inatafuta ile iliyofanana zaidi na iliyoitangulia, inaitupa. Zilizobaki unaziamuru ziende ishirini na nne kwa sekunde. Kwisha!

Nikazipitisha klipu zote kwa mpigo. Ile ya pikipiki sikuifungua. Naogopa hata namba yake, kumi na saba. Sauti nimezitoa, nitaweka muziki. Laptop ilikuwa imejaa, nikafuta klipu za asili. Kadi nayo nikaifuta, nikaenda kurekodi paka wa mtaani kwetu Al Wukair mpaka ikajaa.

Zimekuwa sinema kabisa! Watu wanatembea harakaharaka kidogo. Labda sinema ndivyo zilivyo.

Jumatatu, 10 Novemba

Yule kijana amewaambia trafiki kwamba gari lilikuja mbio na halikusimama. Mguu umevunjika mara mbili. Bosi wa Anko kasema wazi: kosa likiwa la Anko, ni tiketi ya kurudi Kakamega. Na sisi mashahidi wote ni watu wake, nani atatuamini?

Tulikuwa mezani. Baba akapiga meza, ugali ukaruka. "Si Vale alikuwa na kamera!"

Akampigia Anko hapo hapo, loudspeaker. Anko akapiga kelele ya furaha. Halafu: "Vale, mama yangu! Nilijua Mungu hawezi kunitupa. Wewe ndiye umeniokoa!"

Nikasema, sawa Anko. Mimi huwa siwezi kusema zaidi ya sawa.

Nikaenda chumbani kufungua namba kumi na saba.

Gari linakuja mbio. Linagusa makutano — kama kope inavyopepesa — na pikipiki imeshafika.

Sio hivyo. Sio hivyo ilivyokuwa!

Jumanne, 11 Novemba

Nimejua nilichofanya.

Chini ya video ya yule Mmarekani, mbali sana, mtu ameandika: hii ni kwa kamera za Marekani na Japani pekee. Zinazouzwa huku Ghuba, na kwetu Kenya, hurekodi fremu ishirini na tano kwa sekunde. Hakuna bandia hata moja. Meno ya kitana huwa yapo tu.

Kwa hiyo nimetupa fremu za kweli. Tano kila sekunde. Zikabaki ishirini, nikaziamuru zikimbie ishirini na nne. Ndiyo maana kila mtu ana haraka. Ndiyo maana Anko ana haraka.

Na kuna kibaya zaidi. Programu inatupa ile iliyofanana zaidi na ya kabla yake. Gari lililosimama si ndilo linalofanana? Ilipochagua cha kutupa, ilichagua kusimama kwake.

Nimejaribu programu nyingine ya bure, ya kurudisha vilivyofutwa. Imenirudishia paka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimegundua kitu. Ukibadilisha ile namba, ishirini na nne ikawa ishirini, mwendo unarudi. Nimebadilisha. Gari likaja polepole, likasimama, kama nilivyoona! Nililia.

Lakini linachechemea. Kila hatua chache linaruka kidogo, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Fremu nilizotupa hazipo, na mwenye macho ataona.

Baba akaingia, akasimama nyuma yangu. Nikamwonyesha hii ya polepole. Akaiangalia mara tatu, akanishika bega.

"Hii ndiyo yenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Sasa ameshamwambia Anko, na Anko ameshamwambia mkewe nyumbani.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nikiwa chooni, ofisi ya trafiki. Nimeomba ruhusa.

Baba hajui Kiarabu. Anko anajua cha barabarani tu: yalla, twende; seeda, moja kwa moja; khalas, basi. Mimi shuleni nasoma Kiingereza na Kiarabu, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Mimi, ninayeomba Mama aniagizie juisi!

Afisa si mkali. Afadhali angekuwa mkali. Ametupa chai. Akaangalia klipu, akairudisha nyuma, akaiangalia tena taratibu. Akanyoosha kidole pale gari linaporuka. Akaniuliza mimi, sio Baba: binti yangu, hii imetoka kwenye kamera kama ilivyo, au kuna mtu ameigusa? Akasema kijana hospitalini naye ana mama anayengoja jibu.

Hilo la mama sikuwa nimeliwaza hata siku moja.

Baba akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema anauliza kuhusu kamera.

Anko Philipo amevaa shati la Ijumaa. Akaniinamia, akanong'ona, "Mwambie tu ulichoona, mama. Ukweli haugombi na mtu."

Kama angejua.

Nikisema ndiyo, ni kama ilivyo, wataita fundi, na fundi atazihesabu fremu. Halafu Anko ataonekana ameleta video iliyochezewa. Nikisema hapana, ni mimi niliyechezea — basi video inakuwa si kitu, na linabaki neno la Anko na neno la yule kijana. Ila mimi niliona. Niliona kabla sijafunga macho. Je, neno langu litahesabiwa, na nimeshadanganya mara moja?

Flashi iko mfukoni. Zote mbili zimo, ya mbio na ya polepole. Ningeweza kuonyesha nilivyofanya, hatua kwa hatua. Lakini Baba atakuwa amekaa pale pale, anasikiliza, na nitalazimika kumtafsiria mwenyewe.

Neno la "nimebadilisha" nalijua. Ghayyart. Nimelisema mbele ya kioo mara tatu. Mara ya kwanza halikutoa sauti. Mara ya tatu limetoka vizuri kidogo.

Baba anagonga mlango. "Vale! Afisa amerudi, na mtu mwingine ana kompyuta. Unaumwa?"

Siumwi, Baba. Nakuja. Nanawa uso kwanza, halafu natoka na flashi mkononi kulisema lile neno.